Mtu wa Buluu Kwenye Pete za Fedha

Hebu niambie, wewe unayesoma hii kwa simu yako: umewahi kupiga picha kitu kinachong'aa, sufuria tu, kijiko, kioo cha gari, halafu ukaikuza ile picha ukakuta aliyesimama ndani yake si wewe?

Eugene, mtoto wa shangazi yangu, alikuta. Na kabla hujaanza kuniletea habari za joto la Doha na akili kuchemka, jua kwamba huyu ni mtu wa hesabu. Ana digrii ya takwimu, ile tuliyoambiwa makampuni yatatugombania. Hakuna kampuni iliyogombania mtu. Eugene alikaa nyumbani miaka minne akituma CV mpaka mama yake akaacha kuuliza, kisha akaenda Qatar kuwa soja, kuwafungulia watu milango ya jengo moja huko West Bay, digrii yenyewe ikiwa ndani ya bahasha chini ya godoro kwenye chumba cha watu sita, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Congratulations to the graduand.

Baada ya miaka mitatu kampuni yao ikapoteza mkataba wa lile jengo. Wakaambiwa wazi: tafuta kafili mwingine, yaani mwajiri wa kukuandikia iqama, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, la sivyo panda ndege. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili Edith alipompigia.

Edith ni mtu wa Vihiga, mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja ya The Pearl, kisiwa cha matajiri. Walijuana kanisani, kwenye ibada ya Ijumaa, maana huko Jumapili ni siku ya kazi.

"We si uko na kamera?" Edith alisema. "Mzee wangu anauza bunduki zake za kale. Anataka picha za katalogi ya mnada. Wale wa studio anasema wanamharibia."

"Bunduki, Edith? Mimi napiga birthday."

"Basi zipige kama ni birthday yao. Akizipenda, anakuandika kazi. Ako na majambia, ako na saa, ako na mazulia, vyote vinataka picha. Unataka iqama ama unataka kujibizana na mimi?"

Eugene alitaka iqama. Nyumbani mama yake alikuwa ameshaanza kuambia watu kijana yuko karibu kupandishwa cheo.

Jumapili saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni, kamera ya mkono wa pili begani. Mwenye nyumba, mzee aliyeitwa Abu Khalid, alimpokea kwa kahawa na tende na akamuuliza habari za wazazi wake kwa jina la kila mmoja baada ya kutajiwa mara moja tu. Mtu mpole. Alimpeleka kwenye chumba cha bunduki, chenye dirisha pana lililotazama maji, na leseni zake zote ukutani ndani ya fremu. Bunduki zilikuwa ishirini na nne. Kulikuwa na gobori, kulikuwa na gumegume, kulikuwa na bastola za vipini vya mfupa, lakini fahari ya chumba zilikuwa zile za Oman, za kuwashwa kwa utambi, mitutu mirefu kama mti wa bendera, zimefungwa pete za fedha kutoka kitakoni hadi mdomoni. Abu Khalid aliingiza ufito kwenye mtutu wa kila moja na kumwonyesha kwamba ni tupu. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba hicho: hakuna anayegusa bunduki kabla hajaona kwa macho yake kwamba ni tupu.

"Siku tatu," mzee alisema. "Nataka nadhifu. Mtu wa mnada akikuza picha, aone bunduki, asimwone mpiga picha. Ukiweza hilo, iqama yako naishughulikia mwenyewe."

Picha ya kwanza ilikuwa aibu. Flashi iligonga fedha ikarudi, na bunduki ya miaka mia mbili ikatokea kama bomba la choo. Lakini Eugene si mjinga. Ujinga ni wa wale waliokataa kumpa kazi. Alizima flashi. Akasogeza meza hadi dirishani mwanga uingie kutoka ubavuni, akatundika shuka jeupe kwenye kioo ili jua lishuke laini. Akavaa glavu za pamba, maana alama ya kidole kwenye chuma huonekana kama tope. Kamera akaisimamisha kwenye stendi, akafungua lenzi polepole, akazuia pumzi. Nakshi zikaanza kutokea, moja moja, hata majina ya mafundi.

Shida ikabaki zile pete. Fedha iliyosuguliwa ni kioo. Kila pete ilimeza chumba kizima na kukitema kikiwa kidogo: dirisha, stendi, Eugene mwenyewe na tumbo lake. Hapo ndipo alipopata akili ya kitambaa. Edith alimletea baibui kuukuu, wakalitoboa tundu la ukubwa wa lenzi, wakalitundika kati ya bunduki na kamera. Eugene akawa nyuma ya kitambaa cheusi na lenzi peke yake ikichungulia. Sasa fedha haikuwa na cha kuona isipokuwa weusi.

Alipiga. Akahamisha picha kwenye laptop, akakuza.

Kwenye kila pete kulikuwa na punje ya buluu. Ndogo, kama mchele. Akakuza zaidi. Punje ilikuwa na kichwa na mabega.

Eugene aliangalia nyuma yake. Ukuta. Akaangalia fulana yake. Nyeusi. Alijiambia ni boti, ni anga, ni kitu cha nje, ingawa dirisha lilikuwa limezibwa na shuka. Akachukua ile burashi ya kufuta ndani ya programu, akabofya mara tatu, punje ikaenda. Alipiga picha bunduki nane siku hiyo, na picha zote nane akazisafisha. Soja hufundishwa kuandika kila kitu anachokiona kwenye kitabu cha zamu, hata paka akipita. Miaka mitatu Eugene aliandika. Siku hiyo hakuandika.

Saa saba alikula jikoni na Edith.

"Nani husugua zile fedha?" aliuliza. "Zinang'aa vibaya."

"Alikuwa Harun. Mganda wa Iganga. Mcheshi huyo, angekuchekesha mpaka wali ukutoke puani." Edith akafuta mikono, akatafuta kwenye simu. "Huyu hapa. Tulikuwa Corniche, kule ufukweni, sikukuu."

Kwenye picha Edith alikuwa anacheka, na kando yake mwanamume mrefu, mkono begani mwake, ndani ya ovaroli ya buluu. Kidole kidogo cha ule mkono hakikuwepo.

"Hata sijui kwa nini imefifia," Edith alisema. "Jana ilikuwa safi."

"Alienda wapi?"

Edith aliangalia mlango kwanza. Kisha akanong'ona. "Wanasema alitoroka. Wakamwandikia huruub, ile ripoti ya mfanyakazi mtoro. Lakini mtu anatoroka anaacha simu kwa chaja? Mke wake Faridah hunipigia kila Ijumaa. Nimeishiwa na maneno ya kumwambia."

Eugene alimaliza wali. Hakusema neno juu ya rangi ya buluu. Na ndani ya kichwa chake alikuwa anahesabu siku zake kumi na mbili, ambazo sasa zilikuwa kumi na moja.

Jumatatu alipiga nane nyingine. Mtu wa buluu alikuwa amesogea. Hakuwa punje tena, alikuwa na ukubwa wa kidole gumba, na ungeweza kuona mkono wake wa kulia ukienda na kurudi, picha hadi picha, kama anayesugua kitu. Eugene alimfuta kwenye ya tisa. Akamfuta kwenye ya kumi. Kufikia ya kumi na sita mkono wake ulikuwa umezoea, bofya, bofya, bofya, na hapo ndipo mtu anapotisha, anapozoea.

Jioni kabla ya kuondoka alipita jikoni. Edith alikuwa amesimama na simu, ameikunjia uso.

"Eugene. Huu mkono ni wa nani?"

Ilikuwa picha ya Corniche. Edith yuko pale pale anacheka, amegeukia upande usio na mtu. Bahari nyuma yake haikukatika mahali. Lakini begani mwake kulikuwa na mkono, vidole vinne, na ncha ya mkono wa ovaroli ya buluu. Kisha hewa.

"Edith. Ni Harun."

"Harun gani?"

Aliuliza vizuri tu. Bila woga, bila kuficha, jinsi unavyouliza jina la mtu aliyehamia mtaa wa tatu.

"Faridah atakupigia Ijumaa," Eugene alisema. "Utamwambiaje?"

"Faridah ni nani sasa?"

Waliangalia simu pamoja. Kwenye orodha ya waliopiga kulikuwa na namba ya Uganda, kila Ijumaa, wiki kumi na nne mfululizo. Mahali pa jina palikuwa peupe. Eugene akainakili.

Unajiuliza kwa nini alirudi Jumanne. Ni rahisi kuuliza ukiwa umeshiba. Alirudi kwa sababu iqama haiombwi mara mbili. Alirudi kwa sababu mama yake ameshasema kwa majirani. Usiku kucha alijipigia hesabu za nasibu, picha hufifia, wanawake husahau, mwanga hupinda, na hesabu zilimkubalia, maana hesabu humkubalia kila mwenye njaa.

Zilibaki bunduki nane, zote za Oman. Mtu wa mnada alikuwa anakuja alasiri.

Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Eugene akatundika baibui, akaingia nyuma yake. Picha ya kumi na saba. Buluu ilijaa nusu ya pete. Ya kumi na nane. Vifungo vilionekana. Ya kumi na tisa, kidevu. Alipiga zote bila kutazama tena, akafunga lenzi, akakaa kwenye laptop na kuanza kufuta.

Ndipo alipoisikia. Sauti ya kitambaa kwenye chuma. Shwa. Shwa. Shwa. Taratibu, kazi ya mtu asiye na haraka. Ilitoka mezani, kwenye ile bunduki ya mwisho, ambayo hakuna aliyekuwa karibu nayo.

Alifuta ya ishirini. Sauti ikapungua.

Alifuta ya ishirini na moja. Ikapungua tena.

Ya ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu.

Kimya.

Akafungua ya ishirini na nne.

Uso ulijaa pete nzima. Macho yakitazama lenzi. Mdomo ukiwa umefunguka kidogo. Na juu ya fedha, kati ya uso na yeye, palikuwa na ukungu. Ukungu wa pumzi. Ule unaobaki kwenye kioo ukikihemea.

Eugene aligeuka taratibu kuitazama bunduki yenyewe. Juu ya pete ya tatu, kwenye chuma baridi, ndani ya chumba ambacho mwenye pumzi alikuwa yeye pekee, ukungu ulitokea. Ukafifia. Ukatokea. Ukafifia.

"Ssebo, bwana," sauti ikasema. Karibu. Chini sana. Kwa adabu kabisa, adabu ya mfanyakazi anayemwomba mfanyakazi mwenzake. "Ssebo, usinifute. Mimi nimebaki huyu tu."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Abu Khalid, kanzu nyeupe, tabasamu.

"Khalas? Umemaliza?"

Mzee akainama nyuma yake, akazipitia picha moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa furaha. "Zain. Zain sana. Sijaona picha kama hizi." Akafika ya mwisho. Akakunja uso. "Hii ina uchafu."

"Si uchafu, baba. Ni mtu."

"Mtu gani?"

"Tazama. Macho. Mdomo. Ni Harun aliyekuwa anasugua hizi bunduki zako."

Abu Khalid alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, na Eugene anaapa mpaka leo kwamba yule mzee hakuwa anaigiza. Alikuwa anajitahidi. Alikuwa kama mtu anayetafuta neno lililomponyoka.

"Mafi nafar," mzee alisema hatimaye. "Hakuna mtu. Naona doa la buluu tu. Futa, mwanangu. Kesho asubuhi tunakwenda kuandika iqama yako."

Akamwekea mkono begani, kwa upole.

Kishale kilikuwa juu ya ule uso. Ilikuwa ni kubofya mara tatu. Miaka minne ya CV, miaka mitatu ya milango ya watu, na mbele yake kubofya mara tatu. Eugene alihisi ubaridi kwenye shingo yake, upande ambao mzee hakuwepo. Pumzi. Ikaja, ikaenda. Ilikuwa inangoja, bila kumsukuma.

Akachomeka simu kwenye laptop. Akaichukua ile picha, ya ishirini na nne peke yake, akaituma kwa ile namba ya Uganda isiyo na jina. Kisha kwa Edith. Kisha kwa sisi wote wa familia, hata shangazi ambaye hutumia simu kuangazia choo.

"Siwezi, baba," alisema. "Nimeshafuta ishirini na tatu."

Abu Khalid hakupaza sauti. Alifunga laptop taratibu. "Basi," alisema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa iqama.

Koridoni Edith alikuwa ameketi sakafuni, simu mapajani, mikono imefunika mdomo. "Harun," alikuwa anasema. "Harun. Nilimsahauje Harun? Eugene, nilimsahauje?"

Eugene alimpigia Faridah akiwa barabarani, jua la saa tisa likimchoma utosi. Alipokea mwanamke mwenye sauti nzito.

"Wewe ni mke wa Harun?"

"Sina mume," mwanamke alisema. "Sijawahi kuolewa." Watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma yake. "Nina watoto wawili," akaongeza polepole, kama aliyegundua sasa hivi. "Ssebo, nikuulize kitu. Tangu jana naona viatu vya mwanamume mlangoni pangu. Vikubwa. Unajua ni vya nani?"

"Nimekutumia picha. Fungua."

Alisikia simu ikiwekwa chini. Alisikia watoto wakinyamaza mmoja baada ya mwingine. Kisha akasikia kilio ambacho hajanisimulia zaidi ya hapo, na simu ikakatika.

Sasa Eugene yuko nyumbani. Amerudi na begi moja na kamera, na majirani wanajua, na sote wawili tunatuma CV tena. Hiyo ni sawa, tumezoea. Kitu ambacho hatujazoea ni hiki.

Picha za Harun zilirudi. Ya Corniche imerudi nzima, Edith ameituma. Ile ya Faridah ya harusi imerudi. Jirani zao wa Iganga wanamkumbuka, imamu anamkumbuka, hata mwenye duka wa chini ya ile nyumba ya Abu Khalid anauliza yule mcheshi wa buluu yuko wapi. Basi wiki iliyopita Eugene akapiga simu kwa wakala aliyempeleka Harun Doha, Nyota ya Ghuba Manpower, ofisi yao ya Kampala. Akangoja kwenye muziki dakika arobaini. Akapokea msichana mmoja mwenye sauti ya kupendeza.

"Pole, sir. Hayuko kwa system. Hatujawahi kumsafirisha mtu wa jina hilo."

Eugene hulala akiamini ni burashi yake iliyofanya hivyo. Mimi nimemwambia akae afikiri, yeye si ndiye mwenye digrii. Kila alichofuta yeye, kimerudi. Kwa mke kimerudi, kwa Edith kimerudi. Kwenu tu, Nyota ya Ghuba, ndiko hakikurudi. Kwa hiyo kwenu hakufuta yeye.

Na kuna jambo lingine, nalisema mara moja kisha naacha. Ile picha ya ishirini na nne iko kwa simu yangu. Ni picha, imesimama, haiendi popote. Jumamosi ule ukungu wa pumzi kwenye fedha ulifunika kidevu. Jana ulikuwa kwenye pua. Leo asubuhi nimeikuza tena, mchana kweupe, nikiwa na mama yangu kando ashuhudie. Ukungu umefika machoni, na ndani yake kuna mstari mmoja mwembamba, kama uliopitishwa kidole kutoka upande wa ndani.

Mtu anapumua mahali. Nyota ya Ghuba Manpower, fungueni faili zenu mrudishe jina lake mlipolitoa. Abu Khalid, uliyetia saini ya huruub, toa ile karatasi uisome kwa sauti, useme siku hiyo ulimwona wapi mara ya mwisho, na mlango upi ulifungwa nyuma yake. Msituambie hayuko kwa system. Tuambieni yuko wapi, na mkamfungulie leo, kabla ile pete haijawa nyeupe yote.